UZI: Filamu za zamani za misafara ya magari ya maksai kwenda magharibi ya Marekani

Gurudumu (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Nyuzi za filamu za kauboi humu ni nyingi, na karibu zote zinaishia kwenye swali la nani mwepesi wa kuchomoa bastola. Leo naomba tukae kwenye tawi lake ambalo halizungumzwi sana: filamu za misafara. Karne ya 19, familia zimeuza mashamba, zimepakia mbegu, majembe, unga na vyombo kwenye gari la mbao lenye turubai, zimefunga maksai, zinatoka Missouri kwenda Oregon, California au Utah. Nikisema "gari" kwenye uzi huu namaanisha hilo.

Mzee wangu alikuwa dereva wa lori njia ya Dar–Tunduma. Alianza kama utingo, akaja kukabidhiwa usukani, na Kitonga ameipanda na kuishuka kwa miaka mingi. Nyumbani tulikuwa na deki ya VHS na kanda chache tulizozirudia mpaka picha zikaanza kuchezacheza. Moja ilikuwa The Big Trail. Mara ya kwanza naitazama naye nilikuwa mtoto, nasubiri risasi. Yeye alikaa kimya mpaka ikafika sehemu ambayo msafara unakuta genge la mwamba, njia ya kuzunguka hakuna, na magari yanashushwa kwa kamba, moja baada ya jingine. Mzee akaacha kiti akaenda kuchuchumaa mbele ya TV, akaweka kidole kwenye kioo. "Tazama hawa wa juu wanaovuta nyuma. Gari wanaliendesha hawa."

Tangu siku ile filamu hizi nazifuata kwa magurudumu. Na msimamo wangu nauweka wazi ili anayetaka kunipinga anipinge: filamu ya msafara naipima kwa jinsi inavyoheshimu kazi ya kusafiri. Kamera ikikubali kusubiri gari livuke mto, mtu ashuke, afunge mnyororo, asukume, aanguke kwenye tope na ainuke, hapo ndipo nawaona wale watu. Ikirukia upande wa pili wa mto ili iwahi mapigano, nabaki na kauboi ile ile ya kila siku.

Nianze na hiyo ya Mzee. The Big Trail ni ya mwaka 1930, mwongozaji ni Raoul Walsh. Kijana anayeuongoza msafara ana miaka 23 na hajulikani na mtu. Jina lake la kuzaliwa ni Marion Morrison. Kwa ajili ya filamu hii akapewa jina jipya, John Wayne. Hadithi yenyewe ni nyepesi: anamsaka aliyemuua rafiki yake, na muuaji yumo humo humo msafarani. Sina shida na wepesi huo, kwa sababu utamu hauko kwenye kisasi. Mbele ya picha mama anapika, nyuma yake mtoto anafukuza kuku, nyuma zaidi wanaume wanafunga nira, na mbali kabisa, hadi macho yanapoishia, mstari wa turubai nyeupe bado unaingia. Vyote hivyo kwenye picha moja, na vyote vinaonekana vizuri. Mwaka 1930 hapakuwa na kompyuta ya kuzidisha magari. Ukiona magari mia, walileta magari mia.

Kabla yake kulikuwa na The Covered Wagon ya James Cruze, 1923, filamu bubu. Hiyo ndiyo iliyofungua mlango: walikwenda kupiga picha nyikani kwenyewe Nevada na Utah, na windo la nyati wa Marekani wakalipiga kwenye kisiwa cha Antelope, ndani ya Ziwa Kuu la Chumvi. Mapenzi yake yamechuja. Mto wake haujachuja.

Nakaribisha michango. Wagon Master ya John Ford nitaiandikia peke yake, naomba muda.

Mzee wa Projekta

Mleta uzi, hongera. Nimefanya kazi ya kuonyesha sinema miaka mingi, mashine za milimita 35, na hiyo picha uliyoisifia ina kisa ambacho vijana wangependa kukijua.

Mkanda wa sinema wa kawaida una upana wa milimita 35. Kampuni ya Fox ilikuja na mkanda wa milimita 70, ikauita Grandeur. Ndiyo sababu ukaona mama anapika na turubai za mbali kwa pamoja: mkanda mpana unabeba picha pana na safi. Lakini mkanda wenye upana mara mbili hauingii kwenye mashine ya kawaida. Inatakiwa projekta nyingine, lenzi nyingine, na pazia kubwa zaidi ukutani. Wenye majumba ya sinema Marekani walikuwa wametoka tu kutumia fedha nyingi kununua vifaa vya sauti, maana sinema za kuongea zilikuwa zimeingia juzi. Halafu Oktoba 1929 soko la hisa la New York likaanguka. Nani angenunua mashine mpya?

Ikawa majumba mawili tu yaliyoionyesha kwa upana wake kamili, la Grauman kule Hollywood na Roxy kule New York. Wengine wote walipata toleo la milimita 35, ambalo lilipigwa na kamera nyingine iliyosimama pembeni siku hiyo hiyo. Walipiga pia matoleo ya Kijerumani, Kifaransa, Kiitaliano na Kihispania yenye waigizaji wengine, kwa sababu ufundi wa kuingiza sauti za lugha nyingine juu ya picha ulikuwa bado mchanga. Hebu fikiria ng'ombe wale wale, tope lile lile, na watu wanarudia maneno kwa lugha nyingine.

Fedha haikurudi. Wayne alitupwa kwenye filamu za bei nafuu karibu miaka kumi, mpaka Stagecoach ya 1939 ilipomrudisha juu. Kwa hiyo mtu akikuambia The Big Trail ni ya kawaida, muulize kwanza ameona toleo lipi. Lile pana lipo, limehifadhiwa na kurekebishwa. Litafute hilo.

Mtaa wa Pili

Shikamoo mzee wangu, somo limeeleweka kabisa.

Mimi nina maswali kwa mleta uzi. Kwenye hizi filamu naona wengine wanatumia farasi, wengine ng'ombe. Ukweli ulikuwaje? Na kwa nini watu wanatembea kando ya gari wakati gari wanalo?

Gurudumu

Mkuu, hayo ndiyo maswali ninayoyapenda.

Maksai ndiye aliyefanya kazi kubwa. Ni mpole, ana nguvu, anakula majani ya njiani, na bei yake ilikuwa chini sana kuliko ya farasi. Baghala walitumika pia, wana mwendo mzuri zaidi, ila ni ghali na wakaidi. Watengeneza filamu walipenda farasi kwa sababu anakimbia na anapendeza machoni. Ukiona msafara unakwenda mbio tambarare nzima, turubai zinapepea, jua kwamba hao wanyama wangekufa ndani ya wiki.

Kutembea ni hesabu ya mzigo. Njia ya Oregon, kutoka Independence, Missouri, ina takriban kilomita 3,200, na safari ilichukua miezi minne hadi sita. Siku nzuri msafara ulikwenda kama kilomita 24. Gari halikuwa na springi, na ndani limejaa chakula cha nusu mwaka. Kila anayepanda anamchosha mnyama, na mnyama akifa gari linaishia hapo. Kwa hiyo waliopanda ni wagonjwa, wajawazito waliolemewa na watoto wadogo sana. Wengine wote, bara lile walilivuka kwa miguu.

Kalenda nayo ilikuwa inawasukuma. Ukiondoka mapema, majani bado hayajaota na maksai hawana chakula. Ukichelewa, theluji inakufungia milimani. Ndiyo maana walitaka wawe wamefika kwenye jabali la Independence, Wyoming, ifikapo Julai 4, na majina waliyoyachonga pale yangali yanasomeka. Kundi la Donner la mwaka 1846 walichukua njia ya mkato iliyowapotezea wiki kadhaa, theluji ikawakuta milima ya Sierra Nevada. Walikuwa 87, waliotoka hai ni 48.

Jambo ambalo filamu nyingi zinalikwepa ni kipindupindu. Kiliua watu wengi sana, hasa mwaka 1849 na miaka iliyofuata, wakati maelfu walikuwa wanakimbilia dhahabu ya California na wote wanakunywa na kujisaidia kwenye mito ile ile. Mtu alikunywa chai asubuhi na jioni akazikwa. Baada ya hapo kuna waliozama, watoto waliodondoka wakakanyagwa na gurudumu, na bunduki zilizofyatuka zenyewe ndani ya gari. Sijaona filamu ya zamani iliyothubutu kukaa na kipindupindu hata dakika kumi, na kwangu hilo ni pengo kubwa.

Mwana Sisibo

Habari zenu wadau. Nawasalimu kutoka Eldoret.

Uzi ni mzuri, lakini kuna watu hawajatajwa hadi sasa. Hiyo ardhi ilikuwa na wenyewe. Walakota, Wacheyenne, Wapawnee, Washoshone, na wengine wengi. Kwenye filamu hizi wanatokea juu ya kilima, wamepanga mstari, muziki unabadilika, na unajua kinachofuata: magari yanafanya duara, risasi, wenyeji wanaanguka mmoja mmoja. Nimezitazama tangu shule na kwa muda mrefu nilikuwa nawashangilia walio ndani ya duara. Baadaye nikaacha.

Mwanahistoria John Unruh alipitia kumbukumbu za njia zile. Kati ya 1840 na 1860, wasafiri waliouawa na wenyeji ni 362, na wenyeji waliouawa na wasafiri ni 426. Kwa miaka ishirini, kwenye njia iliyopitwa na mamia ya maelfu ya watu. Mara nyingi wenyeji ndio waliowaonyesha vivuko, waliowauzia samaki na farasi, waliowavusha mito. Lile duara la magari lilikuwepo, lakini kazi yake ya kila siku ilikuwa zizi la mifugo usiku.

Nina sababu ya kulishika jambo hili. Huku kwetu nasi tuliwahi kuingiliwa na msafara wa aina hiyo. Mwaka 1908 Makaburu kutoka Afrika Kusini, wakiongozwa na Van Rensburg, walifika Nakuru kwa reli, wakafunga maksai kwenye magari yao na kupanda hadi uwanda wa Uasin Gishu kupitia misitu na matope. Huu mji tunaouita Sisibo ulianzia kwenye shamba namba 64, na jina hilo limetokana na namba hiyo kwa Kiingereza. Ukisoma habari zao utasikia uvumilivu wa ajabu, na ni kweli walivumilia. Lakini Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, alikuwa ameuawa Oktoba 1905, Wanandi wamevunjwa nguvu, ndipo ardhi "tupu" ikapatikana. Nikitazama The Big Trail naona kamba, naona genge, namwelewa kabisa mzee wako. Halafu najiuliza ni nani aliyekuwa anapita kwenye bonde lile kabla ya zile kamba.

Gurudumu

Mwana Sisibo, asante kwa moyo wote. Sina la kukupinga, na kosa ni langu kwamba sikuanza na hilo. Niseme tu kwamba zipo chache zilizojaribu kidogo, na moja ni hiyo Wagon Master. Nakuja.

Binti Pangani

Kaka zangu, mmezungumza maksai, mashine na vita. Wanawake je? Naomba niwaletee Westward the Women, 1951, mwongozaji William Wellman.

Mwenye bonde huko California, Roy Whitman, ana wafanyakazi wanaume watupu. Anakwenda Chicago kutafuta wanawake wa kuwaoa, zaidi ya mia moja, na kumwajiri Buck Wyatt, anayechezwa na Robert Taylor, awavushe. Ubaoni zimebandikwa picha za wanaume na kila mwanamke anachagua yake kabla ya kuondoka. Mwaka wa hadithi ni 1851. Nilipoanza kuitazama nilijiandaa kukasirika, nikijua wataletwa kama mizigo.

Sivyo ilivyo. Wanaume walioajiriwa kuwasindikiza wanatoroka njiani, na wanawake wanashika hatamu za baghala wenyewe. Wanajifunza kufunga, kulenga shabaha, kushusha gari kwenye mteremko. Mama wa Kiitaliano, mjane, anampoteza mwanawe kwa risasi iliyofyatuka wakati wa mafunzo hayo hayo. Hii ndiyo ajali aliyoitaja mleta uzi, na filamu haikuikwepa.

Sehemu mbili sitazisahau. Ya kwanza, mwenzao yuko ndani ya gari anajifungua, na gurudumu linavunjika. Wanawake hawapigi kelele. Wanaingia chini ya gari, wanalinyanyua kwa mikono yao na kulishikilia lisitikisike mpaka mtoto alie. Mimi ni mkunga, jamani. Nimezalisha kwa tochi ya simu, nimezalisha kwenye bajaji. Sehemu ile niliirudia mara tatu, kwa sababu ndivyo inavyokuwa: mmoja anazaa na wengine wote wamebeba.

Ya pili, baada ya shambulio. Buck anauliza waliokufa. Mwanamke mmoja anataja jina, kwa sauti kubwa, na sauti inagonga milima na kurudi. Mwingine anataja jingine. Moja moja, kila jina na mwangwi wake, hakuna muziki. Filamu nzima karibu haina muziki, ni upepo, magurudumu na pumzi za watu.

Na wakikaribia bonde wanagoma. Wamechakaa, wamevaa matambara, na wanamwambia Buck hawasogei mpaka awaletee vitambaa wajishonee. Wanataka kuingia wakiwa watu. Naye anakwenda kuvitafuta. Huyo Wellman alijua wanawake.

Mkwezi

Binti Pangani umenifanya niitafute leo hii hii.

Mimi nataka kuongeza watu weusi, kwa sababu ukizitazama filamu za 1923 hadi 1960 utadhani hawakuwepo. Walikuwepo tangu mwanzo. George Washington Bush aliondoka Missouri mwaka 1844 na familia yake, mtu mwenye uwezo, akiwasaidia majirani wazungu kwa vifaa vya safari. Mwaka huo huo Oregon ilipitisha sheria ya kuwazuia weusi kukaa. Kundi zima likaamua kuwa naye, wakaenda kaskazini ya mto Columbia, wakafungua makazi ambapo leo ni Tumwater, jimbo la Washington.

Na yupo Biddy Mason. Mwaka 1848 alikuwa mtumwa, akatembea kwa miguu kutoka Mississippi hadi Utah nyuma ya magari ya bwana wake, akichunga mifugo, na watoto wake mwenyewe wa kuwaangalia. Baadaye wakampeleka California, jimbo lisiloruhusu utumwa. Mwaka 1856 mahakama ya Los Angeles ikampa uhuru yeye na jamaa zake. Alikuwa mkunga, Binti Pangani! Akanunua ardhi Los Angeles, na kanisa la AME (la Wamethodisti weusi) la pale lilianzia kwake. Hakuna filamu kubwa ya zamani iliyomweka hata kwenye vumbi la nyuma.

Iliyovunja kimya ni Buck and the Preacher, 1972. Sidney Poitier ameongoza na kucheza mwenyewe, pamoja na Harry Belafonte na Ruby Dee. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vimekwisha, watumwa waliopata uhuru wanatoka Louisiana na magari yao kwenda magharibi, na wazungu wenye bunduki wametumwa kuwarudisha mashambani kwa nguvu. Poitier ndiye kiongozi wa msafara. Mwana Sisibo, hii itakufaa: anapofika kwenye ardhi ya wenyeji, anakwenda kukaa nao na kulipia haki ya kupita. Anazungumza nao kama wenye nyumba.

Poitier na Belafonte tunawajua kwa jambo jingine. Mwaka 1959 Tom Mboya alipokuwa anatafuta fedha za kuwasafirisha vijana wa Kenya kwenda kusoma Marekani, barua ya kuomba michango ilisainiwa na Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier. Kwa hiyo nilipomwona Poitier anapanga watu kwenye magari, nani atangulie na nani abaki nyuma kulinda, niliona mtu anayeijua kazi ya kuvusha watu.

Gurudumu

Aisee, uzi umenizidi kimo. Nitimize ahadi yangu.

Wagon Master, 1950, John Ford. Nyeusi na nyeupe, haina nyota mkubwa. Vijana wawili wachuuzi wa farasi, Ben Johnson na Harry Carey Jr., wanakutana na Wamormoni, watu wa dhehebu la dini la huko Marekani, waliofukuzwa mjini. Kiongozi wao ni Mzee Wiggs, anachezwa na Ward Bond, mtu anayejitahidi kuacha kutukana na hawezi. Wanataka kufika bonde la mto San Juan, Utah, wapande mbegu, ili familia nyingine zitakazofuata zikute chakula. Ndiyo hivyo tu. Mzigo wa thamani kuliko yote kwenye msafara ule ni nafaka.

Asubuhi msafara unaondoka kwa baragumu, anapuliza mama mtu mzima, Jane Darwell, na anapuliza kwa nguvu zake zote. Wazee wetu wa misafara ya pwani na bara walikuwa na neno kirongozi, yule anayetangulia mbele na kuijua njia. Ben Johnson kwenye filamu hii ni kirongozi haswa. Anaongea kidogo, anatazama sana, na akirudi mbio ana habari ya maji.

Wakikutana na Wanavajo, vijana wanakimbia, mioyo inadunda, halafu inageuka kuwa mwaliko. Wanacheza ngoma pamoja usiku, duara moja. Mmoja wa Wanavajo hao anachezwa na Jim Thorpe, bingwa wa Olimpiki ya 1912, mwenyeji wa asili kwelikweli. Kisha jambazi mmoja aliyejichomeka msafarani anamdhulumu mwanamke wa Kinavajo. Mzee Wiggs hajiumi wala hasiti: anaamuru mwenzao mzungu afungwe kwenye gurudumu la gari na achapwe mbele ya wenyeji. Gurudumu lile lile. Mwana Sisibo, najua halilipi deni lote, bado Ford anakaa upande wa magari. Lakini kwa 1950 nililipokea.

Msafara wenyewe una asili yake. Mwishoni mwa 1879 Wamormoni kama 250 wenye magari 83 walitumwa San Juan. Walidhani ni safari ya wiki sita, ikawa takriban miezi sita. Walifika juu ya korongo la mto Colorado, mto uko chini kabisa, na njia ni ufa kwenye mwamba. Wakaupanua ule ufa kwa baruti na nyundo katikati ya baridi, na Januari 1880 wakaanza kushusha magari. Walifunga magurudumu ya nyuma kwa minyororo yasizunguke, na watu wakavuta kamba kwa nyuma. Aprili wakafika mahali walipopaita Bluff. Hakuna aliyekufa njiani, na watoto walizaliwa.

Nilipomsomea Mzee habari hiyo aliniuliza mara mbili kuhusu minyororo. "Walifunga ya nyuma? Ya nyuma peke yake?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Basi walikuwa madereva."

Mzee wa Projekta

Niongeze kidogo kwa Ward Bond, maana uzi unamstahili. Yumo kwenye The Big Trail ya 1930, sehemu ndogo. Miaka ishirini baadaye ni Mzee Wiggs. Mwaka 1957 televisheni ya Marekani ikaanzisha tamthilia ya Wagon Train kutokana na filamu hiyo ya Ford, na kiongozi wa msafara ni Bond tena. Alifariki Novemba 1960, kazi ikiwa inaendelea, na nafasi yake ikashikwa na John McIntire, ambaye ndiye Whitman wa Binti Pangani. Tamthilia ilidumu hadi 1965.

Ipo sehemu moja iliyoongozwa na Ford mwenyewe, ikarushwa mwezi ule ule Bond alipofariki. Anatokea mwanajeshi gizani, sauti unaitambua mara moja. Ni John Wayne, lakini jina lililoandikwa ni jingine. Wawili hao walikuwa kwenye tope moja miaka thelathini nyuma.

Mtaa wa Pili

Wakuu, nimemaliza Wagon Master usiku huu. Ile sehemu ya mwisho mwisho kijana anaitupa bastola yake sikuitegemea. Nianze ipi sasa? Na ipo ya karibuni inayofaa?

Gurudumu

Anza na ya Binti Pangani. Kisha tafuta Meek's Cutoff ya Kelly Reichardt, 2010. Siyo ya zamani, ila imetoka kwenye mti huu huu. Familia tatu, mwaka 1845, jangwa la Oregon, na kirongozi anayejifanya anaijua njia. Picha ni ya mraba kama TV za zamani, maksai ni maksai, na kuna gurudumu linalolia kwa dakika nyingi mpaka unatamani mtu alipake mafuta.

Humo pia kuna mteremko na kamba. Wanashusha magari matatu, na la mwisho linawaponyoka.

Mzee sasa haoni vizuri, nilikuwa namsimulia huku anasikiliza. Alinyamazisha watu sebuleni. Kamba ikaanza kukazika, ikalia, akaegemea mbele. Gari lilipovunjikia chini hakuuliza nani kaumia, alishasikia kwamba halikuwa na mtu. Aliuliza kama wa juu walikuwa wameizungushia kamba kwenye mti au walikuwa wameishika kwa mikono tu. Nikairudisha nyuma nitazame vizuri.